Uzi: Kusuka upya nyaya za Ford Model A ya 1929, zile zenye ala ya chuma. Wenye ujuzi karibuni

#1 FundiNyaya (Moshi)

Heshima kwenu wakuu.

Nimeletewa Ford Model A ya 1929, bodi ya wazi, usukani kulia. Gari la familia, limelala ghalani muda mrefu sana. Injini inazunguka, kabureta imeshafanyiwa kazi na mwenzangu, tangi limesafishwa. Kilichobaki ni umeme, na ndio niliopewa mimi.

Nyaya ni zile za enzi hizo: shaba imevishwa raba, juu ya raba kuna msuko wa pamba uliopakwa vanishi. Pamba kwa mbali bado inavutia. Ukiikunja tu, raba ya ndani inapukutika kama makombo ya mkate mkavu na shaba inabaki uchi. Waya unaotoka kwenye swichi ya ufunguo kwenda distribiuta (kigawa cheche) umo ndani ya bomba la chuma linalopinda, na nyaya za taa za mbele nazo zinapita kwenye mabomba ya namna hiyo hadi kwenye fremu ya rejeta.

Mwenye gari anataka lionekane kama lilivyotoka kiwandani, na anataka kuliendesha. Siku moja alipeleke Nairobi kwenye Concours d'Elegance (maonyesho ya magari yanayopimwa na majaji) pale Ngong, na arudi nalo likitembea kwa magurudumu yake.

Maswali yangu: nyaya za namna hii zinapatikana wapi, au nisuke mwenyewe? Unene gani kwa volti 6? Na hizi ala za chuma, zina kazi kweli au ni urembo? Kuna mtu hapa gereji kanishauri nizivute zote kwenye bomba la plastiki la mikunjo, lile la magari ya Kijapani, nimalize kazi.

#2 Kijana_wa_Dizeli

Mkuu, huyo aliyekushauri yuko sahihi. Plastiki haipigi shoti, haishiki kutu, bei chee. Hiyo chuma ni ya zamani kwa sababu plastiki ilikuwa haijaenea. Funga, sepa.

#3 MamaKoili

Shikamooni wakubwa, vijana habari zenu.

FundiNyaya, kabla ya kununua hata mita moja, chukua kila waya ujiulize unaogopa nini. Gari hili nyaya zake haziogopi kitu kimoja. Upo unaoogopa kusuguliwa, upo unaoogopa joto, upo unaoogopa mafuta, na upo mmoja unaoogopa mwizi. Ukijua hilo, ala utaichagua kirahisi.

Anza na huyo wa mwizi, maana ndiye aliyekuchanganya. Swichi ya Model A inaitwa Electrolock. Waya wake wenye deraya (lile bomba la chuma) unakwenda mpaka mwilini mwa distribiuta na kufungwa kwa nati. Ukizima, swichi haikati moto peke yake: inaupeleka ule waya wa distribiuta kwenye ethi, yaani chuma cha bodi. Mwizi akileta moto wake kutoka kwenye betri akautia kwenye koili, gari haliwaki, kwa sababu pointi (swichi ndogo iliyo ndani ya distribiuta) zimeshaunganishwa na bodi. Ili auache huru waya ule lazima aikate deraya, na ndani yake waya unagusana na chuma. Wenyewe waliutengeneza huo mtego kwa makusudi. Kwa hiyo, Kijana wa Dizeli, ukiuweka kwenye plastiki umeondoa kufuli la gari.

Lakini deraya ileile ndiyo ugonjwa wa gari hili. Waya wenye moto umezungukwa na ethi urefu wake wote, tena pembeni ya injini inayotikisika. Ganda likichoka mahali padogo, mara nyingi pale mwishoni panapoingia distribiuta, gari linazima katikati ya barabara. Linapoa, linawaka, linazima tena. Watu wanabadili koili, wanabadili kondensa, wanasafisha kabureta, kumbe ni waya wa urefu wa mkono.

Dawa: toa waya wa zamani, vuta mpya wenye ganda la kustahimili joto la nyuzi 105, juu yake valisha soksi ya nyuzi za kioo, kisha rudisha ndani ya deraya ileile. Kwa nje hakuna atakayejua. Mwisho wa deraya ukiwa na ncha kali, upige tupa na uweke kikombe cha faiba.

Angalizo la kupima: swichi ikiwa imezimwa, mita itakuonyesha waya huo uko ethi. Usiulaumu bure, ndivyo unavyotakiwa kuwa. Washa swichi, tia kipande cha karatasi kavu katikati ya pointi, ndipo upime.

#4 Kijana_wa_Dizeli

Duh. Hapo kwenye kufuli nimekubali, mama. Nyaya zingine je?

#5 Mzee_Magineto (Mombasa)

Vijana, salaam.

Mama kaeleza vizuri, nami naongeza la Model T, kwa kuwa uzi huu utasomwa na wenye T pia. T ilitoka 1908 hadi 1927. Katika gurudumu la injini kuna magineto, yaani sumaku 16, zinazunguka mbele ya koili 16 zilizotulia. Umeme unaotoka ni wa kupishana, unakwenda kwenye sanduku la mbao lenye koili nne za kutetemeka. Kuanzia gari za 1915 taa za mbele zikawa za umeme uleule wa magineto, taa mbili zimefuatana kwenye mstari mmoja. Moja ikiungua, zote giza. Na injini ikienda polepole taa zinafifia, ndiyo maana wazee walipanda mlima usiku kwa gia ya chini huku wakiipigisha kelele.

Hatari yenyewe ilikuja 1919, Ford walipoanza kuweka stata na betri ya volti 6. Sasa una umeme wa aina mbili ndani ya fungu moja la nyaya. Waya wa betri ukimgusa waya wa magineto, umeme wa moja kwa moja unaingia kwenye koili zile 16 na unazifisha sumaku. Hakuna moshi wala fyuzi kulipuka, maana hata fyuzi haikuwekwa kiwandani. Gari linaanza tu kukosa nguvu upande wa magineto na huelewi kwa nini. Kwa hiyo kwenye T mimi waya wa magineto nautenga, ala yake peke yake, hata kama kiwandani waliuchanganya.

La pili la T: nyaya nne za taima (kifaa kinachopanga silinda ipi ipate cheche) hazitaki chuma. Taima inazungushwa mbele na nyuma kila dereva anapovuta wenzo ulio kwenye usukani kuwahisha au kuchelewesha cheche. Nyaya lazima ziachwe na ulegevu na ziwe laini, nyuzi nyembamba nyingi. Ukizitia deraya ngumu zitakatika pale zinapokunjwa. Hizo zinavaa msuko wa pamba basi, na zikae mbali na feni.

#6 FundiNyaya

Asanteni sana. Mama Koili, shikamoo tena. Mzee, marahaba kwa darasa la T... samahani, shikamoo! Nimechanganyikiwa na hizi nyaya.

#7 Mzee_Magineto (Mombasa)

Marahaba mwanangu, umesamehewa. 😄

#8 Voti_Sita (Coventry)

Wakuu, nipo Uingereza, nafanya kazi karakana ya magari ya kale. Nijibu swali la unene, maana hapo ndipo watu wengi wanaharibu kazi nzuri.

Taa mbili za wati 35 kila moja ni wati 70. Kwa volti 12 hizo ni ampea karibu 6. Kwa volti 6 ni karibu 12. Tuseme njia nzima, kutoka betri, kupitia amita (kipima mkondo), chini ya usukani mpaka taa, ni mita 5, na kurudi ni kwa chesisi. Ukitumia waya wa milimita mraba 2, ukinzani wake ni kama omu 0.043. Zidisha kwa ampea 12, umepoteza nusu volti. Nusu volti kwenye gari la volti 12 huioni. Kwenye volti 6 ni zaidi ya asilimia 8, na mwanga wa balbu ya nyuzi hushuka kwa kasi kuliko volti: unapoteza takriban robo ya mwanga. Halafu watu wanasema "taa za Ford za zamani zilikuwa mbovu".

Kwa hiyo njia kuu weka 4.5 za mraba. Huku kwetu waya huo unauzwa kwa jina la 65/0.30, yaani nyuzi 65 za kipenyo cha milimita 0.30. Matawi ya kila taa 28/0.30 inatosha, hiyo ndiyo 2 za mraba. Taa ya nyuma 14/0.30. Ukikuta mchoro wa zamani wa Kiingereza umeandika 28/.012, ni waya uleule, ila kipenyo kimetajwa kwa inchi.

Kebo ya betri kwenda stata usinunue ya gari la kawaida. Ile imekusudiwa volti 12. Stata ya volti 6 inataka ampea maradufu kwa kazi ileile. Weka milimita mraba 50 au zaidi, na mkanda wa ethi uwe mpana, uliosukwa, pale unapofungwa kwenye chesisi paparuliwe rangi hadi chuma cheupe. Nimeona stata nzuri kabisa zikifunguliwa na kukarabatiwa, kosa likiwa ni kebo nyembamba.

Na Model A ni ethi chanya, yaani kichwa chanya cha betri ndicho kinachofungwa kwenye chesisi. Tafadhali iacheni hivyohivyo.

#9 Kijana_wa_Dizeli

Swali la kijinga: kwa nini wasingetumia tu waya wa pamba ule wa taa za mapambo, wa kwenye maduka ya taa za hoteli? Unafanana kabisa, una rangi zote, na Kariakoo upo.

#10 Voti_Sita (Coventry)

Si swali la kijinga. Huo waya ni wa umeme wa nyumbani. Ganda lake linabeba volti 230 bila shida, ila shaba yake kwa kawaida ni 0.75 za mraba. Kwa taa ya dashibodi sawa. Kwa taa za mbele utapata joto na giza kwa pamoja. Volti ndogo haina maana ya waya mdogo. Ni kinyume chake.

#11 MamaKoili

Kuhusu upatikanaji. Marekani kuna maduka ya kusuka nyaya za magari ya kale yanayofahamika: Rhode Island Wiring, na YnZ's kule California. Uingereza kuna Autosparks wa Nottingham. Wanatumia waya wa kisasa wenye ganda la plastiki ya kustahimili joto, juu yake wanasuka pamba na kupaka vanishi kwa rangi na alama za kiwandani. Ndiyo njia ya watu wengi na sina ugomvi nayo.

Ila FundiNyaya, SIMAMA hapo. Gari lako usukani uko kulia. Model A nyingi za makoloni ya Uingereza zilitoka Ford ya Kanada, maana wao ndio waliokuwa na soko hilo. Fungu la nyaya linalouzwa Marekani limekatwa kwa usukani wa kushoto. Swichi ya taa za Model A iko chini kabisa ya mhimili wa usukani, inaendeshwa na fimbo inayopita ndani ya mhimili kutoka kwenye usukani. Usukani ukihamia kulia, swichi imehama nayo, na urefu wa matawi yote umebadilika. Pima kwa kamba kila tawi kwenye gari lenyewe, chora, tuma mchoro. Wanaweza kukusukia kwa vipimo vyako.

Jambo lingine la usukani wa kulia: bomba la moshi na kabureta ya Model A viko upande wa kulia wa injini. Kwa hiyo fungu lako linashuka jirani na joto, kitu ambacho Mmarekani hakuwa nacho. Pale ndipo ningeweka ala ya chuma hata kama haikuwepo, na nyuma yake nafasi ya hewa. Ala ya pamba iliyoloweshwa lami, ile nyeusi, inafaa kwenye chesisi kwenda taa ya nyuma, si hapo. Lami ikipata moto inayeyuka.

Na ukiwa chini hapo, tazama kama boksi la usukani linavuja. Mafuta yanateremka na ile fimbo na kuingia kwenye swichi ya taa. Raba ya zamani ilikuwa inaoza kwa mafuta hayo. Plastiki ya leo inavumilia kidogo zaidi, lakini pamba inayafyonza na kuyabeba. Ziba mvujo kwanza.

#12 Nahodha_Tanga

Mimi si mtu wa magari, ni wa boti. Naona mnazungumzia waya wa kuagiza mbali. Maduka ya vifaa vya boti yanauza waya ambao kila uzi wake wa shaba umepakwa bati. Chumvi haiuwezi. Kwa gari la pwani si ungefaa?

#13 Mzee_Magineto (Mombasa)

Nahodha umegusa penyewe. Na nyaya za magari hayo tangu mwanzo nyingi zilipakwa bati, ingawa sababu haikuwa bahari. Raba ile huivishwa kwa salfa, na salfa inakula shaba. Bati likakaa katikati kuzitenganisha. Ukikata waya wa zamani ukakuta shaba nyeusi badala ya kung'aa, hiyo ni salfa na unyevu, na lehemu haitashika hata ufanye nini.

Kwa huku Mombasa mimi natumia waya wa boti, ule wa nyuzi nyembamba, kisha navalisha soksi ya pamba na kupaka vanishi ya shelaki tabaka nyembamba nyembamba. Usipake nene, itapasuka ukipinda. Kwa Moshi hakuna chumvi, lakini bei ikikubali, weka.

#14 FundiNyaya

Na mabomba ya chuma ya taa za mbele? Ya gari hili moja limeoza kabisa. Nimefikiria bomba la bafu, lile la kuogea la mkono, linafanana.

#15 Voti_Sita (Coventry)

Wengi wameshafanya hivyo, usione haya. Kagua mambo mawili. Kwanza ncha: likikatwa kwa msumeno linaacha makali ya wembe ndani, nayo yatakula waya. Lisafishe na uweke bushi ya raba au faiba kila upande. Pili linang'aa kupita kiasi, lipake rangi nyeusi. Ya Model A, mabomba yenyewe yanauzwa mapya, hayana bei ya kutisha, na yanakuja na vishikio vyake vya kuingia kwenye fremu ya rejeta. Kama unaagiza fungu la nyaya, weka na hayo kwenye kifurushi kimoja.

Vyovyote utakavyochagua, hakikisha ala ya chuma imefungwa ethi pande zote mbili. Ala inayoelea bila ethi ni mbaya kuliko kutokuwa na ala. Waya wa ndani ukichubuka ala inakuwa na moto, wewe hujui, mpaka iguse kitu. Kwenye gari ambalo tangi la mafuta la lita 38 limekaa mbele ya dashibodi, juu ya magoti ya abiria, sitaki kuwaza iguse nini. Na sehemu ya chini kabisa ya bomba toboa tundu dogo, maji yatoke.

#16 Kijana_wa_Dizeli

Basi si aweke fyuzi tu? Fyuzi ya ampea 30 pale kwenye swichi ya stata, moto wote wa gari unapita hapo, ukiacha wa stata yenyewe.

#17 MamaKoili

Aweke. Kiwandani hawakuweka, na ni upungufu mkubwa wa gari hili. Vifaa vya kufunga hapo hapo kwenye stata vinauzwa tayari. Lakini ajue anachonunua. Jenereta ya Model A haina regulata (kidhibiti cha volti). Inajidhibiti kwa brashi ya tatu, na kudhibiti huko kunategemea betri kuwepo. Fyuzi ikikatika injini ikiwa inazunguka, jenereta imetengana na betri na volti zinapanda bila kudhibitiwa. Injini inaweza kuendelea kuwaka kwa umeme wa jenereta pekee, dereva asijue kitu, taa zikiwashwa zinaungua moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo: amita ikisimama sifuri ghafla, zima. Tafuta shoti, usibadili fyuzi kwa fyuzi. Na kama ni lazima ufike nyumbani bila jenereta, toa waya wake kwenye katauti (swichi inayojiendesha kati ya jenereta na betri) na uunganishe kichwa cha jenereta na bodi kwa kipande cha waya. Hapo inalala salama.

#18 Mzee_Magineto (Mombasa)

Mimi fyuzi sipendi kwenye gari la maonyesho. Majaji wanaiona.

#19 MamaKoili

Mzee wangu, kwa heshima zote, majaji hawatakuwepo gari likiwaka moto Namanga.

#20 Mzee_Magineto (Mombasa)

Haya. Lakini iwekwe upande wa chini isionekane.

#21 Mdau_Mpya_254

Naskia high tension leads (nyaya za moto mkubwa za plagi) za hii gari ndio zilikuwa shida kubwa, mbona hamjazitaja?

#22 Voti_Sita (Coventry)

Kwa sababu Model A haina, mkuu. Kutoka kifuniko cha distribiuta kwenda plagi ni vipande vya shaba nyeupe... namaanisha brasi, vifupi, vikavu, hewani. Unao waya mmoja tu wa moto mkubwa, wa koili. Moja ya akili nzuri za gari hili.

Kwa magari mengine ya enzi hizo yenye magineto za moto mkubwa ni kweli. Walikusanya nyaya za plagi ndani ya bomba moja la brasi, linapendeza sana kwa macho. Ndani yake nyaya zinalala ubavu kwa ubavu, silinda moja inapopata cheche jirani yake naye anaipata kidogo kwa kuambukizwa. Hewa iliyofungiwa humo inageuka ozoni na kula raba. Ukikarabati ya namna hiyo, weka bomba la faiba ndani ya brasi, na tumia waya wenye shaba katikati, usitumie ule wa kaboni wa magari yenye redio.

#23 FundiNyaya

Wakuu, nimeamua hivi. Fungu kuu naagiza Marekani kwa vipimo vyangu vya usukani wa kulia, pamoja na mabomba ya taa. Waya wa Electrolock nabadili ndani, deraya inabaki ya mwanzo. Kebo ya betri ya 50 naibana hapa hapa kwa koleo la maji (la haidroliki). Fyuzi chini ya stata. Karibu na bomba la moshi ala ya chuma yenye ethi. Kuna nililosahau kabla ya kuunga betri?

#24 MamaKoili

Usiunge betri moja kwa moja. Chukua balbu ya volti 6, iweke kati ya kichwa cha betri na kebo yake, swichi zote zimezimwa. Ikiwaka hata kwa mbali, kuna njia inayovuja. Fungua tawi moja moja hadi izime. Ikiwa giza, washa swichi ya ufunguo na uzungushe injini kwa mkono polepole. Balbu inatakiwa iwake pointi zikifungana na izime zikiachana. Ikibaki inawaka tu, rudi kwenye ule mwisho wa deraya kwenye distribiuta.

Ukimaliza weka picha.